Wageni Rasmi Wawili wa Bustani ya Mabenchi Saba

Ipo nchi moja, wala haiko mbali, ambayo jina lake lilikuwa bado linajadiliwa na kamati wakati mambo haya yakitokea. Kwa hiyo tutaiacha bila jina mpaka kamati imalize. Ni nchi nzuri. Kwa mwaka ina majira mawili: majira ya kuweka mawe ya msingi, na majira ya kuzindua. Katikati hapo hunyesha kidogo.

Katika mji mkuu wa nchi hiyo, mtaa wa Zizini, kuna bustani. Si kubwa. Mwenye haraka huikata kwa hatua mia na hamsini, ingawa watu wa Zizini hawajawahi kuonekana wakiikata kwa haraka. Ina miti kumi na miwili ya mijohoro, bomba la maji linalovuja upande unaofaa, na mabenchi saba ya chuma na mbao ambayo watawala wa zamani waliyaweka ili wake zao wapunge upepo jioni. Langoni watawala hao waliacha kibao ambacho kipo hadi leo: WENYEJI WANARUHUSIWA KUPITA. Kupita, ndiyo. Kukaa hakukutajwa.

Basi siku moja, zaidi ya miaka sitini iliyopita, watu thelathini na wanne wa Zizini waliingia bustanini wakakaa. Walikaa siku tatu. Bwana Shauri wa wilaya akaandika barua ya kuomba kibali cha kuwaondoa. Barua ikapanda meli, ikajadiliwa ng'ambo kwa miaka minne, na kibali kikarudi wiki ileile uliyofika uhuru. Serikali mpya ilikisoma kibali kile, ikakigonga muhuri, ikakiweka kwenye faili. Tukio lenyewe likaitwa Ukaaji Mkuu, na kila mtoto wa nchi hiyo hulisoma akiwa darasa la nne, huku amesimama.

Zawena Mkwizu alilisoma pia, akalipenda, akaenda nalo hadi chuo kikuu. Siku ya mahafali mkuu wa chuo aliwaambia wahitimu kwamba nchi inawasubiri. Wenzake walipiga makofi. Zawena alilia, kwa sababu aliamini. Ikawa nchi ndiyo iliyomsubirisha yeye, miaka miwili, kisha ikampa kazi katika Idara ya Kumbukumbu na Vivuli akiwa Afisa Msaidizi Daraja la Tatu B. Alipewa meza, na akaahidiwa kiti.

Akiwa amesimama mbele ya meza ile, kwa miezi saba, Zawena aliandika andiko la kurasa arobaini la kuomba Bustani ya Mabenchi Saba iandikishwe kuwa urithi wa taifa, ili asitokee mtu wa kuigusa. Aliweka humo kila kitu alichokuwa nacho moyoni. Aliweka majina yote thelathini na manne, la bibi yake likiwemo. Akalipeleka kwa Mkurugenzi Ngwilizi, na wiki tatu baadaye akaitwa.

"Binti, umeniliza," alisema Mkurugenzi, na hakuwa anatania. Leso ilikuwa mezani, mbichi. "Kamati imelipitisha andiko lako lote, neno kwa neno. Imeongeza aya moja tu."

Aya hiyo ilisema kwamba, kwa kuzingatia umuhimu wa bustani kama ulivyoelezwa na mwandishi kwa ufasaha, serikali itajenga Kituo cha Taifa cha Kumbukumbu ya Ukaaji Mkuu, ghorofa kumi na nne, pamoja na maegesho.

"Kitajengwa wapi, Mkurugenzi?"

"Sasa kituo cha kumbukumbu ya bustani utakijenga wapi zaidi ya bustanini? Tukikipeleka kwingine watu watauliza hiki ni cha nini."

"Na bustani yenyewe?"

"Itahifadhiwa."

"Wapi?"

"Ghorofa ya tatu. Picha kubwa, ya rangi. Sauti za ndege pia tumeagiza kutoka nje."

"Ndege tunao, Mkurugenzi. Wako kwenye mijohoro."

"Wale hawana mkataba," alisema Mkurugenzi kwa upole.

Mabenchi matano yangeyeyushwa ili kupata chuma cha sanamu ya mtu aliyekaa. Mawili yangewekwa ndani ya kioo, na kibao cha kukataza kuyakalia. Kazi yote ingeanza siku ya jiwe la msingi: mgeni rasmi akishafika na kukata utepe, katapila lingewashwa palepale, mbele ya kamera, na kung'oa mjohoro wa kwanza.

"Na kwa kuwa wazo ni lako," Mkurugenzi alimalizia, akimpa mkono, "umeteuliwa Katibu wa Itifaki wa hafla. Hongera sana."

Zawena alishuka ngazi akiwa na barua ya uteuzi mkononi. Bustani ile ilikuwa imekaa miaka yote bila kuguswa kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuwa ipo. Aliyewakumbusha ni yeye.

*

Bibi yake, Bi Sikitu, alikuwa benchi la nne, ambako huwa. Kati ya wale thelathini na wanne alibaki yeye peke yake, na siku zake alizitumia kucheza drafti ya vizibo vya soda na yeyote aliyejitokeza, na kumwibia.

"Mke mwenzangu umekuja na uso wa msiba," alisema bila kuinua macho. "Mume wetu amefufuka?"

Zawena akakaa kando yake, akamweleza yote. Bi Sikitu alisikiliza huku akisogeza kizibo kimoja mahali ambapo hakikustahili kwenda.

"Na mimi nitakaa wapi?"

"Umetengewa nafasi, bibi. Ghorofa ya tatu. Kuna picha yako."

"Nimekaa?"

"Umesimama. Walisema ukikaa huonekani vizuri."

Bi Sikitu akacheka mpaka akashika mbavu. Zawena hakucheka. Alisema kwamba thelathini na wanne wale walijitoa mhanga, walitazama mitutu ya bunduki, na sasa yeye, mjukuu wa mmoja wao, amewauza kwa kurasa arobaini.

"Mitutu ipi?" aliuliza bibi. "Tulikuwa tunatoka kuzika. Jua kali, makaburi mbali, na marehemu, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa kula akashiba. Tukaona mabenchi. Tukakaa kidogo tu."

"Siku tatu, bibi?"

"Tanga ni siku tatu. Ulitaka tuvunje tanga siku ya pili?"

"Mbona hukuniambia? Nimeandika kurasa kumi nzima juu ya ari ya ukombozi."

"Hukuuliza. Ulikuja na kalamu imeshajibu." Bi Sikitu akamfuta mjukuu wake chozi kwa ncha ya kanga. "Askari alikuja, hilo kweli. Akatuambia tuondoke. Tukamwambia, kijana, hapa pana msiba, anza kutoa pole. Akatoa pole. Alipokwisha kutoa pole akakosa la kufanya, naye akakaa."

*

Nchi hiyo haina katiba ndefu, lakini ina Mwongozo wa Taifa wa Hafla na Shughuli Rasmi, wenye kurasa mia tatu na kumi. Zawena, kwa kuwa alikuwa mtu wa kuchukulia kazi kwa moyo, aliusoma wote. Inaaminika alikuwa wa kwanza, ukimtoa aliyeuchapa, naye huyo aliruka viambatisho.

Ibara ya tisa inasema kwamba katika hafla yoyote mkubwa hufika wa mwisho. Ibara ya kumi na moja inasema kwamba waalikwa wakishaketi, hakuna kuondoka, kuchimba, kung'oa wala kuanza jambo lolote mpaka mgeni rasmi afike, na kwamba kiti cha mwalikwa kisionekane kitupu. Ibara ya kumi na mbili inasema kwamba mwenye mamlaka ya kuthibitisha kuwa mgeni rasmi amefika ni Katibu wa Itifaki peke yake, kupitia simu ya itifaki, naye atasema kweli.

Siku ikafika. Tangu saa moja asubuhi mahema yalikuwa yamesimama, viti vya mbele vimevishwa vitambaa, kwaya imejipanga, watu wa Zizini wameketi. Bi Sikitu alikataa kiti cha plastiki akaenda benchi lake la nne. Katapila liliegeshwa chini ya mjohoro wa kwanza, limefungwa utepe wa rangi za taifa, na dereva wake, Ndugu Chambulilo, amevalishwa tai. Mgeni rasmi aliyetajwa kwenye mwaliko alikuwa Waziri wa Kumbukumbu, atakayefika saa tatu kamili.

Saa mbili na nusu redio ilitangaza mabadiliko ya Baraza la Mawaziri. Wizara ya Kumbukumbu imegawanywa, ili kuongeza kasi ya kukumbuka. Sasa kutakuwa na Wizara ya Kumbukumbu za Furaha, chini ya Mheshimiwa Dakta Lugome, na Wizara ya Kumbukumbu za Huzuni, chini ya Mheshimiwa Profesa Mwinchande. Wawili hao wameapishwa kwa pamoja, sekunde moja, kila mmoja akishika upande wake wa maikrofoni, ili asipatikane wa kutangulia.

Saa tatu kasorobo wote wawili walikuwa wameondoka kuja Zizini.

Msafara wa Dakta Lugome ulisimama kwenye kituo cha mafuta, upande wa kaskazini wa bustani. Msafara wa Profesa Mwinchande ulisimama kwenye mashine ya kusaga unga, upande wa kusini. Simu ya itifaki ikalia mkononi mwa Zawena.

"Hapa Lugome. Mwenzangu amefika?"

"Bado, Mheshimiwa."

"Basi na mimi bado niko njiani."

Haikupita dakika.

"Profesa Mwinchande nazungumza. Lugome yuko hapo?"

"Hajafika, Mheshimiwa."

"Ahaa. Hata mimi foleni ni kubwa sana huku."

Kutoka pale aliposimama, Zawena aliyaona magari ya wote wawili. Barabara ilikuwa nyeupe, haina gari hata moja.

"Ndugu wananchi, itifaki imezingatiwa," alisema mshereheshaji. "Mgeni wetu rasmi yuko njiani. Kwaya, tupeni kidogo."

Kwaya ikatoa kidogo. Saa nne ikatoa kidogo tena. Kufikia saa tisa ilikuwa imetoa yote iliyokuwa nayo, pamoja na nyimbo mbili za harusi.

Mkurugenzi Ngwilizi alimvuta Zawena nyuma ya spika.

"Binti, mpigie Lugome, umwambie Mwinchande amefika. Akija Lugome, Mwinchande naye atakuja. Tunamaliza."

"Lakini hajafika."

"Najua hajafika. Ni uongo mdogo wa kiitifaki. Hata mimi nilipokuajiri nilikwambia kiti kinakuja."

Zawena alitazama mjohoro wa kwanza, kisha bibi yake. Neno moja tu, amefika, na mti ungelala kabla ya magharibi. Hakuwahi kujiona kuwa mtu jasiri, wala wakati ule hakujiona hivyo. Alichokuwa nacho ni ukweli, na kwa bahati njema siku hiyo ukweli ulikuwa umekaa upande wa miti.

"Ibara ya kumi na mbili inasema nitasema kweli, Mkurugenzi."

"Basi nipe hiyo simu, niseme mimi."

"Makabidhiano ya ofisi ni hafla, Mkurugenzi. Ibara ya ishirini. Yanahitaji mgeni rasmi."

Mkurugenzi alifikiri sana. "Na wa kwetu yuko njiani," alisema hatimaye.

"Yuko njiani."

*

Siku ya tatu watu wa Zizini walitazamana kidogo, kwa kuwa siku tatu mtaani hapo wanazifahamu. Hakuna aliyeondoka. Sheria yenyewe ilikataza. Kwa kuwa kiti kisingeweza kuachwa kitupu, familia zilipangiana zamu: baba akienda kazini mama anakalia, mama akienda sokoni shangazi anakalia. Mikutano ya mtaa ikahamia pale. Mchumba mmoja aliposwa kati ya safu ya nne na ya tano. Watu waliokuwa hawajasalimiana tangu ugomvi wa mfereji walijikuta wameketi bega kwa bega kwa amri ya serikali, na wiki ya pili wakachoka kununa.

Gazeti la serikali liliandika: HAFLA YAENDELEA VIZURI.

Kwenye kituo cha mafuta kikaota kibao: Wizara ya Kumbukumbu za Furaha, Ofisi ya Muda. Kwenye mashine ya unga kikaota kingine, cha Huzuni, na wafanyakazi wake wote walionekana weupe kichwani. Wataalamu walitumwa kutafuta suluhu. Walipendekeza mawaziri waingie kwa pamoja. Wakapima lango, wakakuta linapitisha gari moja na nusu. Kulipanua lango ni kuanza kazi kabla ya mgeni rasmi kufika. Wakapendekeza waingie kwa miguu, sambamba. Likazuka swali la nani atakuwa kulia. Kamati ya Kulia na Kushoto iliundwa, na hadi leo inaendelea vizuri nayo.

Ndugu Chambulilo, dereva, alivua tai wiki ya kwanza. Wiki ya nne alishuka kwenye katapila akakaa benchi la nne.

"Unajua drafti?" aliuliza Bi Sikitu.

"Kwetu mimi ndiye bingwa, bibi."

Alifungwa mara sita mfululizo. Ndege wasio na mkataba wakajenga kiota kwenye bomba la moshi la katapila, na Zawena akakiandika katika taarifa ya siku chini ya kichwa Mambo Mengineyo.

Lakini hakuwa na raha. Alijua kwamba siku moja mmojawapo wa mawaziri angechoka, na akichoka atakuja, na akija itambidi aseme kweli, kwa sauti ileile aliyosema nayo siku zote. Alimwambia bibi yake hivyo.

"Sasa akija utafanyaje?"

"Nitasema amefika."

"Hata mti ukianguka?"

"Nikisema uongo mara moja, bibi, na zile 'bado' zote nilizosema zitakuwa nini?"

Bi Sikitu alimtazama kwa muda mrefu kuliko alivyozoea kumtazama mtu ambaye hachezi naye drafti. "Wewe nawe," alisema, "umetoka kwa babu yako mzimamzima. Alikuwa hivyohivyo. Alinichosha."

*

Ilikuwa mwezi wa tatu wa hafla, siku ya Alhamisi, jua la saa saba, alipoonekana mtu akipita langoni kwa miguu. Alivaa suti iliyokwisha kulala ndani ya gari siku nyingi, na miguuni kandambili za wauza mafuta. Alipita chini ya kibao kinachoruhusu wenyeji kupita. Alikuwa peke yake. Ilichukua muda kidogo watu kumtambua, kwa sababu kwenye mabango huwa anacheka.

Alikuwa Dakta Lugome.

Kwaya ikasimama, ikavuta pumzi. Mshereheshaji akainua maikrofoni. Mkurugenzi Ngwilizi akafunga vifungo vya koti. Ndugu Chambulilo alimtazama Bi Sikitu, akasema "samahani bibi," akapanda kwenye katapila akageuza ufunguo, kwa kuwa nayo ni kazi. Injini ikakohoa, ikawaka. Ndege wakaruka. Wote wakageuka kumtazama Zawena.

Waziri hakutazama utepe. Alikwenda moja kwa moja kwenye kivuli, mpaka benchi la nne.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Unatoka kuzika?"

"Hapana, bibi."

"Haya, pole."

"Pole ya nini?"

"Ya huko unakotoka."

Miezi mitatu Waziri alikuwa amesalimiwa, ametangazwa, amefunguliwa mlango wa gari. Pole hakupewa. Akakaa. Akanyoosha miguu. Kivuli cha majani kikamtembelea magotini, na Bi Sikitu akasukuma vizibo vyekundu upande wake.

Simu ikalia.

"Mwinchande hapa," ilisema sauti, nayo ilikuwa imechoka. "Mwenzangu amefika?"

Zawena alitembea hadi benchi la nne. Injini ilikuwa inanguruma, na ilimbidi apaze sauti ambayo hakuwa na uhakika nayo.

"Mheshimiwa, nauliza kwa mujibu wa ibara ya kumi na mbili. Umefika?"

Dakta Lugome aliinua uso. Aliliona katapila likitetemeka na utepe wake. Aliwaona watu wa Zizini, safu kwa safu. Aliutazama mjohoro wa kwanza kutoka chini hadi juu, kwa utaratibu, kama mtu anayesoma hati kabla ya kutia sahihi. Kisha akatazama kizibo alichoshika.

"Mimi?" alisema. "Mimi sijafika, binti. Nimekaa kidogo tu."

Zawena alirudisha simu sikioni.

"Bado, Mheshimiwa."

Ndugu Chambulilo akazima injini, na bomba la maji likasikika likivuja upande wake.

"Binti," ilisema simu, kwa sauti ya chini. "Hapo kuna kivuli?"

"Kipo, Mheshimiwa."

"Na nafasi je? Si ya mgeni rasmi. Ya mtu tu."

"Benchi la sita, Mheshimiwa. Njoo kwa mlango mdogo wa nyuma, wa bombani, huko hakuna kamera."

Akakata simu, akaitia mfukoni. Akaandika katika taarifa ya siku kwamba wageni rasmi wote wawili wako njiani, tarehe, saa, sahihi. Bi Sikitu alikuwa ameshaiba kizibo cha kwanza cha Wizara ya Kumbukumbu za Furaha, na kwa mkono mwingine alikuwa anapigapiga mbao za benchi, ubavuni pake, bila kugeuka.

Zawena, ambaye ofisini alikuwa bado hajapewa kiti, akakaa.